Kipimo cha DNA cha mate "kinachojua" kama mafua yatakulaza: nimelipa laki tano na nusu, natoa nyota mbili

Nianze na bei maana najua ndo swali la kwanza. Boksi dola 119, kulileta mpaka Arusha dola 38, alafu kurudisha mate huko yanakopimwa nikalipa watu wa vifurushi laki na thelathini hivi, kwahiyo piga hesabu mwenyewe, laki tano na nusu imeondoka. Kampuni siitaji jina, sitaki kesi na watu nisiowajua, ila ni hizi za mtandaoni, unatema kwenye kichupa, unatuma, baada ya wiki kadhaa wanakuambia babu zako walitoka wapi na magonjwa gani yanakunyemelea. Ya babu zangu nayajua bure, wametoka Machame na hawakuwahi kwenda popote. Mi nilichonunua ni kile kipengele chao cha hatari ya mafua makali, na rivyuu hii ni ya hicho tu, mengine waliyonitumia (eti nina uwezekano mkubwa wa kupenda kahawa, asee mtoto wa Kilimanjaro) nayaacha.

Kwanini mtu mzima anunue kitu kama hicho. Mi ni dereva wa watalii, mwaka wa 14 sasa, na kazi yenyewe ni kufungiwa ndani ya cruiser na wageni sita siku saba nane mfululizo. Mmoja akianza kupiga chafya Tarangire, mpaka tunafika geti la Naabi tayari nina wagonjwa watatu, na wa nne ni mimi. Kila mwaka lazima. Na siongelei mafua ya kupenga na kuendelea na kazi, naongelea yale ya kulazwa chini, mifupa inauma kama umepigwa, homa, kikohozi kikavu, chakula hukitaki hata mtori wa mama. Sasa kuna mwenzangu kampuni moja, tunamwita Babu japo ana miaka 36, yeye wageni wanamkoholea usoni na hashikwi na kitu. Gari zile zile, wageni wale wale, lanchi boksi zile zile. Bibi yangu alishatoa hukumu zamani, anasema nyie ukoo wa baba yenu ni ukoo wa vifua, babu yenu kifua, baba yenu kifua, na wewe ndo huyo. Kwahiyo mgeni mmoja wa Uholanzi aliponihadithia njiani kwamba yeye DNA yake imepimwa mpaka anajua hatari yake ya mafua, nikasema basi na mimi nijue kama hii kitu ipo kwenye damu au ni mkosi wangu tu.

Huduma yenyewe haina shida sana. Boksi zuri, maelekezo ya picha, hutakiwi kula wala kunywa nusu saa kabla, unatema mpaka mstari, na kutema mpaka mstari ni kazi kuliko inavyosikika, nilikaa kama dakika ishirini nafikiria ndimu. Kilichonikera ni fomu. Pale pa kujaza asili yako kuna orodha ya nchi za Ulaya moja moja, mpaka visiwa vimetajwa, alafu unashuka chini unakuta Afrika, basi, Afrika. Nikachagua Afrika. Kumbe pale ndo kulikuwa na ujumbe mzima wa kipimo hiki ila mi sikuusoma.

Majibu yakaja mwezi wa tano kwenye simu. Rangi ya kijani, kidole gumba juu: hatari yako ya mafua makali ni CHINI KULIKO WASTANI. We! Nilimpigia Babu nikamwambia sasa tuko sawa, jioni nikanunua nyama ya watu wanne kwa pesa yangu. Bibi nikamwambia ukoo umesafishwa.

Mwezi wa saba, baridi la Arusha mnalijua, nikapata kundi la wageni kutoka Australia, huko kwao ni majira ya baridi muda huo na mafua yao ndo yamepamba moto, mama mmoja anakohoa tangu tunampokea uwanja wa ndege wa KIA. Siku ya nne tuko juu pale ukingo wa krater ya Ngorongoro usiku, baridi la kutetemesha, nikaanza kusikia mgongo. Siku ya tano nimeomba dereva mwingine aje achukue gari. Nililala siku tisa, nikapoteza na safari iliyokuwa inafuata, ya siku kumi, na tip zake. Mwenye hatari ya chini kuliko wastani huyo.

Na hapa nitoke nje ya mada kidogo. Zahanati ya kwanza niliyoenda (naiacha bila jina) waliniangalia, wakasema homa, mifupa, umetoka porini, hiyo ni malaria, nikapewa dozi bila kutobolewa hata kidole. Shemeji yangu aliniambia baadae kuwa hilo ni tatizo la zamani la kanda yetu, kuna utafiti ulifanywa Moshi 2007 na 2008 kwenye hospitali mbili kubwa, waliangalia wagonjwa 870 waliolazwa na homa, walioandikiwa malaria na daktari ni 60.7%, waliokuwa na malaria kweli baada ya vipimo ni 1.6%. Rudia kusoma hizo namba. Huku kwetu kaskazini homa ikipanda kila kitu ni malaria, kwahiyo influenza, yaani haya mafua makali ninayoongelea, inapita katikati yetu inatembea zake na hakuna anayeiandika. Na dawa yake ya kupunguza makali inafanya kazi vizuri ukiianza ndani ya siku mbili za mwanzo, mi siku mbili za mwanzo nilikuwa nameza ya malaria.

Basi nilivyopona, Jumapili moja nikapanda Coaster kwenda Moshi kwa shemeji, mdogo wake mke wangu, yeye ni mtu wa maabara. Nimebeba simu yenye ripoti kama mtu aliyebeba bidhaa mbovu anarudisha dukani. Akasoma, akacheka, akasoma tena, akaniambia shem, hawa wamepima herufi moja.

Herufi moja kweli. DNA ya mtu ina herufi kama bilioni tatu, na hivi vipimo vya mate vya bei hii havisomi zote, vinachungulia sehemu laki kadhaa zilizochaguliwa, na katika hizo kipengele cha mafua kilisimama kwenye herufi moja iliyoko kwenye jeni inaitwa IFITM3. Jeni yenyewe si ya kubeza. Kirusi cha influenza kikimezwa na seli kinakuwa bado kimefungiwa kwenye kifuko, inabidi kitoboe hicho kifuko ndo kiingie ndani kabisa kuanza kujizalisha, na protini ya IFITM3 kazi yake ni kuzuia pale pale. Mi nimeielewa kama askari wa geti la hifadhi, umeshafika na gari lako lakini bila kibali huvuki kizuizi. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza na Marekani walichukua watu waliolazwa na ile homa ya mafua ya nguruwe ya 2009 wakakuta wenye herufi C mahali hapo badala ya T wamezidi kuliko ilivyo kwa watu wa kawaida. Mwaka uliofuata Beijing nao wakaangalia wagonjwa wao, walioumwa vibaya 69% walikuwa na C mbili (kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama), walioumwa kawaida ni 25%. Hapo ndo jina likavuma.

Mimi nina T mbili. Ndo hiyo kijani yangu. Sasa shem akaniuliza, unajua ni watu gani wana T mbili? Wazungu karibu wote, C kwao ni adimu sana, ni kule China na majirani zake ndo C imejaa. Kwahiyo mgeni wangu wa Uholanzi na mimi na mama wa Australia aliyeniambukiza, wote pengine tuna T mbili na wote tumeandikiwa tuko chini ya wastani. Akasema shem, hapa wamekuta una macho mawili wakakuandikia huna hatari ya upofu. Na bado tafiti nyingine zilizofanywa baadae kwa wagonjwa wa Ulaya hazikuiona tofauti waliyoiona wale wa mwanzo, jambo ambalo kwenye ripoti yangu limewekwa chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi.

Nikamuuliza basi bibi ni muongo, damu haihusiki? Hapo ndo akaniambia hapana, inahusika, ila sio hivi. Akanihadithia habari ya mtoto mmoja wa kike wa Ufaransa, miaka miwili na nusu, mwezi wa kwanza 2011 alishikwa na influenza, akaishia chumba cha mahututi mashine inampumulia. Mtoto mzima, hakuwa na ugonjwa wowote. Wakamsoma jeni zote, wakakuta jeni inaitwa IRF7 kwake imeharibika zote mbili, moja karithi kwa baba moja kwa mama, na wazazi wenyewe wazima kabisa kwa sababu kila mmoja anayo nyingine nzima. Utafiti ukatoka 2015.

IRF7 mi nimeielewa kwa radio call. Madereva mnajua, mmoja akiona chui juu ya mti Seronera anabonyeza redio, dakika kumi kuna magari ishirini. Seli nayo ikivamiwa na kirusi inatoa taarifa kwa majirani, taarifa hiyo inaitwa interferoni, majirani wakiipata wanafunga milango kabla kirusi hakijafika, wanaweka hata wale askari wa geti zaidi, IFITM3 hiyo hiyo. IRF7 ndo inayoipa ile redio nguvu ya kusikika mbali. Yule mtoto redio yake ilikuwa imekufa, kirusi kikazunguka mapafu yote na hakuna seli iliyoambiwa. Alipona, na wazazi wa namna hiyo sasa wanajua kinachotakiwa ni chanjo kila mwaka maana kingamwili za chanjo zinatengenezwa kwa njia nyingine. Baada yake wakapatikana watoto wengine na jeni nyingine za mtandao ule ule, IRF9, TLR3. Wachache mno, wachache kiasi kwamba kampuni ya mate haihangaiki kuwatafuta. Na kipimo changu hakikusoma IRF7. Yaani redio ingeweza kuwa imekufa na mi bado ningepewa kidole gumba.

Hii ndo imenikera kuliko zote. Jeni ambayo ushahidi wake hauna ubishi hawaipimi, na ile wanayoipima ndo ina ubishi.

Sasa rudi kwenye fomu, pale pa Afrika basi. Hizi tafiti kubwa za kulinganisha jeni na magonjwa, walipohesabu mwaka 2016 walikuta 81% ya watu waliochangia damu zao ni wenye asili ya Ulaya, wenye asili ya Afrika wako kama 3%, na katika hao 3% wengi wala hawaishi Afrika. Wakati huo huo binadamu wenye tofauti nyingi zaidi za jeni duniani ni sisi, kwasababu watu wameanzia huku. Mmasai, Mchaga na Mhadzabe waliokaa kwenye daladala moja ya Karatu wanaweza kutofautiana kijeni kuliko Mreno na Mrusi. Kwahiyo ule wastani ambao mimi niko chini yake, ni wastani wa nani? Niliwaandikia kampuni nikauliza hilo swali kwa Kiingereza changu cha porini, wakanijibu kwa heshima sana, aya tatu, bila jibu. Nyota moja imeondoka hapo.

Kuhusu ukoo wa vifua, hii nimeifuatilia mwenyewe maana bibi anastahili kusikilizwa. Kumbe na wazungu wameshajiuliza swali la bibi. Kule Utah Marekani wana rekodi za koo za vizazi vingi, mwaka 2008 watafiti wakachukua vifo 4,855 vya influenza vya miaka kama mia moja wakaangalia ndugu zao, wakakuta ndugu wa damu wa marehemu nao wana hatari iliyozidi kidogo, mpaka ndugu wa mbali ambao hawakai nyumba moja. Bibi kashinda. Ila mwaka huo huo Iceland, nao wanaandika koo zao kuliko Wachaga, wakaangalia waliokufa na ile homa kubwa ya 1918, hawakuona kitu cha kurithi, ndugu wa damu na ndugu wa upande wa mwenza waliangukia pale pale. Na hata Utah wenyewe mume au mke wa marehemu nae hatari yake ilikuwa juu, na hao hawana damu moja. Wanachangia nini? Kitanda, chafya na jiko.

Jiko. Nimekulia jiko la kuni la bibi, nyumba ya mgomba, babu na baba wote walikuwa wanakaa pale jioni na mbege wakati ndizi zinaiva, moshi mpaka macho yanatoa machozi, na siongelei mji. Nikimwambia bibi kwamba kifua cha ukoo huenda kimetoka kwenye jiko lake ntafukuzwa kihamba, kwahiyo hii iishie hapa.

Na Babu je? Babu nilidhani ana jeni ya chuma. Shem hakukataa wala hakukubali, akauliza vitu vingine kabisa, amezaliwa lini, amelelewa wapi, dirisha la gari anafungua? Dirisha anafungua, ndo ugomvi wake na wageni, vumbi linaingia. Alafu hili la kuzaliwa lini lilinishangaza. Watafiti 2016 waliangalia mafua ya ndege, wakakuta mtu anabeba maisha yake yote alama ya influenza ya kwanza aliyokutana nayo utotoni, waliozaliwa kabla ya 1968 wanajikinga vizuri na aina inaitwa H5N1, waliozaliwa baada ya hapo wanajikinga vizuri na H7N9, kwasababu mwaka 1968 aina ya kirusi kilichokuwa kinazunguka duniani ilibadilika. Hiyo haiko kwenye mate popote, iko kwenye cheti cha kuzaliwa. Na kuna wengine walichukua mapacha 210 wakawachunguza kinga zao, ikiwemo jinsi mwili unavyoitikia chanjo ya mafua, kwenye chanjo hiyo jeni karibu hazikuonekana kuwa na mchango, kilichotawala ni mambo mtu aliyokutana nayo. Mapacha jamani, tumbo moja.

Tukawa tumemaliza kula, nasubiri muda wa gari, shem akaniuliza kitu kimoja kwa sauti ya chini. Shem, hii ripoti ya laki tano, selimundu wameandika nini? Nikatafuta. Haipo. Ipo kwenye kifurushi cha juu, unaongeza dola 70.

Inabidi niwaeleze. Mke wangu na mdogo wake ni watu wa Mwanza, na mtoto mkubwa wa shem, kijana wa miaka tisa, ana selimundu, sikoseli kama tunavyoiita mtaani. Huyu mtoto nimemuona analia usiku mifupa inamuuma na mama yake kakaa nae mpaka asubuhi na kesho anaenda kazini kupima damu za watu. Kwahiyo alipouliza nilijua haulizi kwa ajili ya mazungumzo.

Selimundu ni jeni. Herufi moja nayo, kama ile ya kwenye mate yangu, ila hii haina ubishi wowote. Ukirithi kwa mzazi mmoja unaitwa AS, unaishi vizuri na malaria kali inakupunguzia makali, ndo maana imejaa Kanda ya Ziwa na Pwani kwenye mbu wengi, na huku milimani kwetu ni kidogo. Ukirithi kwa wote wawili ni SS. Mtoto wa SS akishikwa na influenza sio mafua tena, oksijeni ikishuka kidogo zile seli nyekundu za damu zinajikunja kama mundu zinaziba mishipa, kifua kinabana, wengu lilishachoka tangu mdogo kwahiyo nimonia inayofuata nyuma ya mafua inakuta nyumba haina mlinzi. Marekani walihesabu, watoto wenye selimundu walikuwa wanalazwa kwa mafua ya msimu mara 56 ya watoto wasio nayo. Mara 56! Ile C ya wachina hata ukiamini kila kitu walichoandika haifiki robo ya hapo. Na Tanzania ni moja ya nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, makadirio ni zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Kwahiyo ukiniuliza leo jeni gani inaongeza hatari ya mafua makali kwa Mtanzania, ntakutajia hiyo kabla ya nyingine zote, na kampuni imeiweka kwenye kifurushi cha juu pamoja na kipimo cha kujua kama utapata kipara.

Wiki iliyofuata mi na mke wangu tukaenda kupima, maabara ya kawaida tu. Elfu arobaini kila mmoja, majibu siku tatu, na dada wa mapokezi anaita namba kwa sauti ya mnada. Angalizo kwa wanaoenda: kuna kile kipimo cha haraka cha bei ndogo, kinakuambia tu selimundu ipo au haipo, hakitofautishi AS na SS, omba elektroforesisi, kile kinachotenganisha aina za hemoglobini. Mimi AA, yaani sina kabisa, mke wangu AS. Watoto wetu hawawezi kuwa SS, ila anaweza kuwepo AS na yeye siku ya kuoa au kuolewa inabidi mwenzake apime, maana AS kwa AS kila mimba ina uwezekano wa robo mtoto kuwa SS. Hiyo ndo ripoti ya vinasaba iliyonisaidia, karatasi moja nyeusi na nyeupe, haina kidole gumba.

Na chanjo nimechoma, mwezi wa kumi, kliniki binafsi hapa Arusha, elfu sitini. Haiko kwenye zile za bure za kliniki ya watoto, inabidi uulize na kupiga simu kabla maana siku nyingine haipo. Mkono ukauma siku moja, basi. Muulizeni mhudumu ni ya msimu upi, maana kila mwaka wanabadilisha aina za virusi, WHO wanachagua mwezi wa pili kwa ajili ya kaskazini ya dunia na mwezi wa tisa kwa ajili ya kusini, na sisi tulio karibu na ikweta mafua yetu hayana adabu ya msimu, na wageni wetu wanatoka pande zote mbili. Kupenga bado napenga, mafua ya kawaida ni virusi wengine na chanjo hii haiwahusu. Mtoto wa shem yeye huchomwa kila mwaka, mama yake anajinyima kitu kingine.

Usiri wa taarifa sina la kusema sana, walinipa kurasa nyingi nikabonyeza nakubali kama kila mtu. Ila jueni moja ya kampuni kubwa kabisa za biashara hii, 23andMe, ilidukuliwa 2023 taarifa za watu kama milioni 6.9 zikachukuliwa, na mwezi wa tatu 2025 ikaomba ulinzi wa kufilisika. Nywila unabadilisha, mate hubadilishi.

Nyota mbili ni za nini? Moja ya boksi na usafirishaji, vilifika salama na kwa wakati, hilo kwa Arusha sio dogo. Nyingine ni kwa sababu bila hii ripoti ya ovyo nisingepanda Coaster kwenda Moshi siku ile. Kama una hela ya kuchezea na unataka kujua asilimia za babu zako nunua, kama unataka kujua kuhusu mafua usinunue.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika, juzi niko Kwa Mrombo gari linabadilishwa oili, ikaingia meseji yao. Tuna habari mpya kuhusu afya yako. Nikafungua. Kijani imeondoka, sasa ni njano, hatari yako ya mafua makali ni WASTANI. Nimetafuta sababu, wameandika tu wameboresha mfumo wao wa kukokotoa. Mate ni yale yale niliyotema mwezi wa tatu nikifikiria ndimu. Nimempigia Babu, akauliza na wakiboresha tena itakuwaje, nikamwambia ikifika nyekundu nyama ile ya mwezi wa tano wanirudishie wao.